Mpaka Nitakapowaambia

Imakulata wa Endagikot ukimpa kazi ya watu, wewe nenda zako kalale. Harusi ikikaribia, yeye ndiye anayejua sufuria kubwa iko kwa nani na nani hajairudisha. Mtoto akichemka homa, mlango unaogongwa ni wake, kwa sababu ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji, na ile fulana ya bluu aliyopewa kwenye semina anaivaa juu ya sweta mpaka kanisani. Mume wake, Sebastiani, humtania kwamba hata siku ya kiama atasimama mlangoni na ndoo ya maji, awaambie watu wanawe mikono kwanza ndipo waingie. Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao.

Kwa hiyo watafiti walipokuja kutafuta mwenyeji wa kuwatembeza nyumba kwa nyumba, mwenyekiti wa kitongoji hakujikuna hata kichwa. Alisema, "Imakulata yupo, mnataka nini tena?"

Utafiti wenyewe ulihusu maisha baada ya korona. Walitaka kujua nani amesimama tena, nani bado amekaa chini, nani analala usingizi na nani analala na mawazo, na kwa nini wa nyumba hii ameinuka ilhali wa nyumba ile hakuinuka. Aliyepangiwa kitongoji chao alikuwa binti mmoja wa Katesh, Yasmini, mtoto wa wenye duka. Alikuwa mpole, mwenye adabu zake, amevaa hijabu na masweta mawili na bado anatetemeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unatetemeka hivyo?"

"Baridi, mama. Kwetu Katesh ipo, lakini siyo hii."

"Hii siyo baridi. Hii ni asubuhi tu," Imakulata akamwambia, na tangu hapo wakapatana.

Walitembea vizuri. Nyumba zilichaguliwa na kompyuta, siyo na mtu, ili asitokee wa kulalamika kwamba wamependelewa ndugu wa mwenyekiti. Yasmini alikuwa na kishikwambi chake. Akimaliza nyumba moja anakigusa, kinamtajia nyingine. Imakulata anaongoza, anapiga hodi, anatambulisha, anakaa pembeni. Mzee Yoakimu, ambaye ndiye mkubwa wa wazee wa pale, aliulizwa kama korona imewaharibia ujirani, akajibu kwamba hapana, tunapendana sana, tunalimiana kwa zamu kama zamani. Imakulata alitikisa kichwa kukubali, lakini macho aliyaweka chini.

Umande ulikuwa umeanza kukauka kwenye vitunguu saumu pale Yasmini alipogusa tena kishikwambi akasoma, "Inayofuata ni kaya ya Evaline Sulle."

Jamani, moyo wa Imakulata! Nyumba ya Evaline walikuwa wanaiona kutoka pale pale waliposimama, chini ya mikaratusi, inapakana na shamba la Imakulata mwenyewe. Uwanja umefagiliwa, bati lina kutu upande mmoja, moshi unatoka jikoni.

"Huyo hayupo," akasema. "Amehamia Hanang, huko Getanuwas, kwa kaka yake."

"Mbona naona moshi?"

"Kuna mtu anaangalia nyumba."

Ulimi ulikuwa mwepesi mpaka ukamshangaza mwenyewe. Na usimwone mwongo wa kuzaliwa, kwa maana nusu ya maneno yale yalikuwa kweli. Evaline alikuwa anahama. Gari lilikuwa lije kesho yake kumchukua na magunia yake, na kitongoji kizima kilijua, ingawa hakuna aliyeambiwa. Imakulata alipoisikia habari ile bombani alishusha pumzi. Tuseme ukweli, alifurahi. Alijiona kama mtu aliyetolewa mwiba mguuni, halafu papo hapo akajichukia kwa furaha ile, na hajaacha kujichukia.

Sasa nikueleze walivyofika hapo, maana wanawake hawa wawili hawakuwa maadui. Waliolewa Endagikot mwaka mmoja. Walikuwa wageni pamoja, wakifundishana nani wa kumwogopa kati ya mama wakwe zao. Imakulata alimzaa Fabiola, Evaline akamzaa Sara, wakawa Mama Fabiola na Mama Sara, na makande ya nyumba moja yalikuwa yanaliwa katika nyumba nyingine bila kuulizana. Ukimtafuta mmoja ukamkosa, unakwenda kwa mwenzake.

Halafu ukaja ule wakati wa korona. Imakulata alikwenda semina, akarudi na fulana na maneno mengi. Watu wasisongamane, wasishikane mikono, mgonjwa akae peke yake. Wakati ule hakuna aliyejua vizuri kitu kile ni nini, na yeye alikuwa anajua kidogo kuliko alivyojionyesha, lakini alikuwa ndiye pekee mwenye fulana. Ndipo Sulle, mume wa Evaline, akabanwa na kifua. Mwanamume mzima, mlimaji, asubuhi alikamua ng'ombe, keshokutwa yake hawezi kumaliza neno moja bila kuvuta pumzi.

Evaline alitoka nje akaita. Hakuita mganga wala padri. Aliita, "Mama Fabiola! Mama Fabiola, njoo!"

Imakulata akaenda, akafika langoni, akasimama. Alimwona Evaline mlangoni amejishika kichwa, akasikia na Sulle anavyokoroma ndani, na miguu ikakataa. Alikuwa anaogopa, basi. Mtu yeyote angeogopa. Lakini majirani walikuwa wameanza kuja kwa nyuma, wakiwa na vitenge mabegani na maswali mdomoni, na mbele ya watu Imakulata hawezi kuwa mwoga, lazima awe mkubwa. Akanyoosha mkono akasema kwa sauti ya semina:

"Asiingie mtu humu ndani! Mpaka nitakapowaambia."

Sulle akafa kabla ya jioni. Akazikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali, na Evaline akaachwa na Sara wake.

Ungedhani ni jambo la majuma machache tu. Lakini kuna kitu Imakulata alikisahau, au alijifanya amekisahau. Kwa watu wa kitongoji kile ilikuwapo desturi ya zamani: nyumba iliyoingiliwa na kifo cha kutisha hukaa peke yake. Haichangii moto na wengine, ng'ombe wake hawachanganywi kundini, watu wake hawashikwi mkono. Haikuwa chuki, ilikuwa ni kungoja tu. Na mtu aliyeifunga nyumba kwa kinywa chake ndiye anayeifungua. Anakwenda mchana kweupe, anakula chakula cha pale uani, watu wamwone. Akishakula, imekwisha, kila mtu anarudi kama kawaida. Padri ameikemea desturi hiyo miaka mingi na vijana wanaicheka. Ukiwauliza watu wenyewe watakuambia ilikufa na babu zao.

Kumbe haikufa. Ilikuwa imelala, na Imakulata aliiamsha pale langoni na fulana yake ya bluu.

Basi watu wakangoja awaambie. Korona ikapungua, shule zikajaa, minada ikajaa, watu wakaanza kupeana mikono kanisani, na kwa Evaline bado wakangoja. Wazee walisema lile ni jambo la hospitali, lifunguliwe na mtu wa hospitali. Imakulata naye akajisemea kwamba hayo ni mambo ya mila, wayamalize wazee. Kila upande ukautazama mwingine, na katikati yao mwanamke anaishi. Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo baya lake, maana tusi lina jibu. Akifika bombani wenzake wanakumbuka kwamba wana haraka, na akishaondoka wanasuuza mdomo wa bomba kabla ya kuteka. Zamu za palizi zikipangwa, shamba lake halitajwi. Padri akisema tutakiane amani, watu wa benchi lake wanageukia upande wa pili wote kwa pamoja. Sara alivumilia mpaka akachoka, akaenda kwa mjomba wake Getanuwas, na huko ameshaolewa.

Na Imakulata alikuwa anayaona yote. Usidhani hakuwahi kunyanyuka aende. Alinyanyuka mara nyingi mno. Mwezi wa kwanza aliogopa ugonjwa. Baadaye aliogopa kuulizwa, mbona umechelewa? Na kadiri alivyochelewa ndivyo swali lile lilivyozidi kuwa zito, mpaka likawa zito kuliko yeye. Siku moja Evaline alikuja mwenyewe kuomba chumvi. Imakulata akampitishia chumvi dirishani, kwenye kipande cha gazeti, na kusema ana maharage motoni. Motoni hapakuwa na kitu. Evaline alipokea, akashukuru, hakuja tena. Hii chumvi ndiyo inayomwamsha Imakulata alfajiri hata kabla ya jogoo, kila wakati, na Sebastiani hudhani ni tumbo.

Haya, turudi pale njiani. Yasmini alisikitika kidogo, akasema, "Basi mama, kama amehama nachukua kaya ya akiba." Akagusa kishikwambi, kikafikiri, kikajibu. Akacheka. "Ala! Mama, kaya ya akiba ni yako!"

Imakulata angekataa, angekataaje? Wakaenda wakakaa sebuleni kwake, chai ya maziwa mezani, na Yasmini akaanza kumwuliza maswali ambayo yalikuwa ya Evaline.

"Kwa ujumla, mama, unaridhika na maisha yako?"

"Naridhika."

"Katika wiki iliyopita umekula pamoja na mtu asiye wa nyumbani kwako?"

"Nimekula. Juzi kwenye kipaimara, jana kwa mwenyekiti." Na wakati anasema hivyo alimwona Evaline na sufuria yake ndogo, anajipakulia, anajilia, anaosha sahani moja.

"Ukipita njiani, watu wanakusalimia?"

"Wananisalimia mno, mpaka nachelewa."

Yasmini alitabasamu akagusa majibu. Kila jibu zuri lilikuwa linamchoma Imakulata kifuani, na hapakuwa na baya hata moja la kumpumzisha. Maisha yake yalikuwa mazuri kweli! Alitamani apate angalau tatizo moja la kusema.

"Ukizidiwa ghafla, kuna jirani unayeweza kumwita, akaja?"

Imakulata alikitua kikombe cha chai mezani.

"Mama? Nirudie swali?"

"Usirudie," akasema. "Nimelisikia. Aliniita."

"Nani, mama?"

"Mama Sara. Aliniita, mimi nikasimama langoni." Machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima, mbele ya mtoto wa watu. "Yupo, mwanangu. Evaline yupo. Hakuna anayeangalia nyumba, ni yeye mwenyewe anapika. Nimekudanganya. Inuka twende, haya maswali siyo yangu."

Yasmini alimpa kitambaa, akafunika kishikwambi, akamfuata.

Langoni kwa Evaline Imakulata alipiga hodi. Evaline alikuwa anafunga magunia barazani. Aliinua uso, akamwona mgeni, akamwona na aliyekuja na mgeni. Halafu akafanya kitu ambacho Yasmini hakukielewa lakini Imakulata alikielewa mara moja. Alichukua kigoda, akakileta mpaka karibu na lango, akakifuta vumbi kwa kanga, akakiweka. Kisha akarudi nyuma, mbali, akasimama. Alishajifunza wageni wanataka nini. Miaka yote ile alikuwa anawapunguzia watu aibu ya kumkimbia.

Imakulata alikipita kigoda.

"Mama Sara," akasema, "nina njaa."

Evaline ni mtu wa pale pale, alijua maneno yale ni maneno gani. "Vyombo nimeshavifunga," akasema.

"Nitakula hata mkononi."

"Kuna makande ya jana."

"Nipe hayo hayo ya jana."

Yakaja ndani ya sufuria, na kijiko kimoja, kile cha Evaline mwenyewe. Imakulata hakuingia barazani. Alikaa chini katikati ya uwanja, pale anapoonekana kutoka bombani na kutoka barabara ya juu, akala. Makande yalikuwa baridi na yamepungua chumvi. Bombani ndoo zilitulia. Mwanamke mmoja alimshika mwenzake mkono, na baada ya muda barabara ya juu ilikuwa na watu wamesimama. Imakulata alikuwa analia na kutafuna. Siyo jambo la kupendeza kulitazama, lakini hakuacha mpaka akaona chuma cha sufuria.

"Nisamehe," akasema. "Nilisema mpaka nitakapowaambia. Sikuwaambia."

"Nilikuwa nasikiliza," Evaline akajibu. "Kila ukipita hapo njiani nilikuwa nasikiliza kama leo ndiyo utasema."

Yasmini alikivuta kile kigoda karibu, akakikalia, akamwomba Evaline ruhusa ya kumwuliza maswali. Evaline akakubali, alisema hajaulizwa kitu siku nyingi. Akajibu yote kwa utulivu, moja baada ya jingine, kama anayemjibia mtu mwingine. Walipofika kwenye lile la jirani wa kumwita, Imakulata alikuwa bado pale chini na sufuria magotini. Evaline alimtazama. Imakulata naye akainua uso, na kwa kweli alikuwa na tumaini, si ameshakula? Si watu wameona?

"Andika hapana," Evaline akasema.

Yasmini akaandika.

Asubuhi ya kesho yake pikapu ilikuja, na kumbe nyumba ikifunguliwa imefunguliwa. Kitongoji kizima kilikuja. Wanaume walibeba magunia waliyokuwa hawayagusi, wanawake walifunga vitanda na vyombo, na Sebastiani akampandisha ndama garini akiwa amemkumbatia kifuani. Mtu akihama desturi ni kumsindikiza, basi walimsindikiza, tena kwa bidii, kila mmoja akitafuta kitu cha kubeba. Hawakuwahi kumfanyia kazi Evaline kwa wingi ule isipokuwa siku ile ya kumwondoa.

Mzigo ulipokwisha wakajipanga kumpa mkono. Mzee Yoakimu alitangulia, akaegemeza fimbo yake kwenye gari, akamshika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Pole na msiba."

Ndivyo alivyosema, na dereva, ambaye ni mtu wa Hanang, aligeuka kutazama nani amefiwa. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Pole na msiba, Mama Sara. Pole kwa Sulle. Alikuwa mtu mwema. Pole sana. Evaline alipokea pole zote, kila mkono, na kila mmoja alimjibu vile vile, "Nimeshapoa."

Imakulata alikuwa wa mwisho. Fulana ya bluu hakuivaa siku ile. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, maneno mazuri, marefu. Alipofika mbele yake hakulikuta hata moja. Akanyoosha mkono, Evaline akaushika, mkono wa moto na mkavu wenye vumbi la maharage, na hakuuachia upesi.

"Ungekuja hata mwaka jana tu, Mama Fabiola," akasema. "Mwaka jana nilikuwa bado nataka kukaa."

Akapanda garini.